Vituo 11, vipeo 6: reli ya Tanzania ndani ya lahajedwali

Hadi mwaka 1963 reli kuu mbili za Tanganyika hazikuwa zimegusana. Moja ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyingine, Reli ya Kati, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ikaishia Kigoma mwaka 1914. Tabora ikapata tawi la kwenda Mwanza mwaka 1928, na baada ya Vita Kuu ya Pili Kaliua ikapata tawi la Mpanda, kufuata madini ya risasi. Kipande kilichokuja kuziunganisha reli hizo mbili, kati ya Ruvu na Mnyusi karibu na Korogwe, ndicho kilichofunguliwa mwaka 1963. Kwamba kilisaidia, hakuna anayebisha. Swali gumu zaidi ni kwamba kilimsaidia nani, na kwa kiasi gani.

Hesabu ya kujibu swali hilo ipo tangu miaka ya 1950. Wakati ule ilihitaji siku nyingi za kalamu na karatasi, au zamu kwenye kompyuta ya chuo iliyojaza chumba kizima. Leo inafanyika kwa Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets, kwenye kompyuta ya mwanafunzi yeyote wa jiografia. Inaitwa matriksi ya muunganiko yenye uzito, na kinachohitajika ni kujua kuzidisha na kujumlisha. Ugumu wake uko kwingine kabisa: katika maamuzi machache ambayo mpigaji hesabu huyafanya kabla ya kugusa kibodi, na ambayo mara nyingi hayaandikwi popote kwenye ripoti.

Uamuzi wa kwanza ni vituo. Kwa uchambuzi huu vimechukuliwa 11, vyote kwenye reli ya zamani ya geji ya mita moja: Dar es Salaam, Ruvu, Mnyusi, Tanga, Moshi, Dodoma, Tabora, Mwanza, Kaliua, Kigoma na Mpanda. Baadhi ni miji mikubwa. Ruvu, Mnyusi na Kaliua ni stesheni ambazo abiria wengi huzipita wamelala, lakini ndipo reli inapogawanyika, kwa hiyo haziwezi kukosekana. Morogoro imeachwa kwa makusudi, na sababu itaonekana baadaye. Majina yanaandikwa mara mbili: kushuka kwenye safu wima ya A, kuanzia A2 hadi A12, na kwenda kulia kwenye safu mlalo ya 1, kuanzia B1 hadi L1. Vituo viwili vikiwa na reli kati yao bila kituo kingine cha orodha katikati, seli yao hujazwa 1. Vinginevyo hujazwa 0. Ruvu inapata 1 tatu: kwa Dar es Salaam, kwa Mnyusi na kwa Dodoma. Kila kipande kinaandikwa mara mbili, kwa kuwa treni inayokwenda ndiyo inayorudi. Vipande 10 vya reli vinatoa 1 ishirini ndani ya seli 121.

Matriksi hiyo, iitwe C, inajua majirani tu. Ukiiuliza kuhusu Dar es Salaam na Mnyusi inajibu 0, kana kwamba hazijuani. Ikizidishwa kwa yenyewe inaanza kuona mbali zaidi. Ili kupata seli ya Dar es Salaam na Mnyusi katika kipeo cha pili, kompyuta huchukua safu mlalo ya Dar es Salaam na safu wima ya Mnyusi, huoanisha namba moja moja, huzidisha kila jozi, kisha hujumlisha. Dar es Salaam ina 1 mahali pamoja tu, kwenye Ruvu. Mnyusi nayo ina 1 kwenye Ruvu. Jozi nyingine zote zina sifuri upande mmoja au mwingine, hivyo jumla ni 1. Maana yake ni kwamba ipo njia moja ya hatua mbili, na inapitia Ruvu.

Kipeo cha tatu huhesabu safari za hatua tatu, cha nne za hatua nne, na kuendelea. Katika mtandao huu safari ndefu kuliko zote ni ya kutoka Tanga au Moshi kwenda Kigoma au Mpanda: Mnyusi, Ruvu, Dodoma, Tabora, Kaliua, kisha mwisho wa reli. Ni hatua 6. Ndiyo maana hesabu inaishia kipeo cha sita. Hapo kila seli ya jumla imeshapata namba.

Kwenye lahajedwali kila kipeo kinapewa laha yake: Kipeo1, Kipeo2, hadi Kipeo6. Fomula ya laha ya pili ni =MMULT(Kipeo1!$B$2:$L$12,Kipeo1!$B$2:$L$12). Ya tatu inazidisha Kipeo2 kwa Kipeo1, ya nne Kipeo3 kwa Kipeo1, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Katika matoleo ya zamani ya Excel ni lazima kwanza kuchagua eneo lote la seli 121, kuandika fomula, kisha kubonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Matoleo mapya hujaza eneo lenyewe.

Kuna mtego hapa ambao umewapotezea wengi muda. Anayeandika =Kipeo1!B2:L12^2 akidhani amepata kipeo cha pili cha matriksi, anapata kipeo cha pili cha kila seli peke yake. Kwa kuwa 1 mara 1 ni 1 na 0 mara 0 ni 0, anarudishiwa matriksi ileile aliyoanza nayo, bila ujumbe wowote wa kosa. Mtego mwingine ni seli tupu: Excel haikubali kuzidisha matriksi yenye pengo na hurudisha #VALUE!, kwa hiyo kila sifuri iandikwe. Dawa ya mitego yote miwili ni kukagua. Katika kipeo cha pili, seli za mshazari mkuu, yaani za kituo na chenyewe, lazima zilingane na idadi ya majirani: Ruvu 3, Dodoma 2, Mwanza 1. Na jumla ya seli zote za kipeo hicho lazima ilingane na jumla ya majirani wa kila kituo, kila idadi ikiwa imezidishwa kwa yenyewe. Hapa ni 46. Ikija namba nyingine, kuna 1 iliyoandikwa upande mmoja tu wa mshazari.

Wazo la kujumlisha vipeo vyote kwa uzito unaopungua halikuanzia kwenye reli. Leo Katz alilichapisha mwaka 1953 akitafuta kupima hadhi ya mtu ndani ya kundi: asihesabiwe tu wanaomchagua, wahesabiwe pia wanaowachagua hao wanaomchagua, na hao wa nyuma yao, kila hatua ikiwa na sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Mwaka huohuo Alfonso Shimbel aliandika juu ya muundo wa mitandao ya mawasiliano. Mwanajiografia William Garrison alilihamishia wazo hilo kwenye uchukuzi mwaka 1960, katika makala kuhusu barabara kuu za majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani, wakati ujenzi wa barabara hizo ulioidhinishwa mwaka 1956 ukiwa bado unaendelea. Mwaka 1965 Forrest Pitts alilipeleka kwenye mito ya Urusi ya kale, akiuliza kama Moscow ilikua kwa sababu ya mahali ilipokaa kwenye njia za biashara. Matriksi ilionyesha kwamba Moscow ilikaa pazuri lakini haikuwa ya kwanza. Ukuu wake ulihitaji maelezo mengine pia. Afrika Mashariki nayo iliingia mapema. Peter Gould, katika makala yake ya mwaka 1967, alitumia hisabati ya matriksi kuchunguza mitandao ya barabara, ya Uganda ikiwemo.

Kwa nini uzito? Kwa sababu bila uzito namba za safari ndefu humeza za safari fupi. Katika mtandao wetu jumla ya seli zote inapanda kutoka 20 kwenye kipeo cha kwanza hadi 46, 96, 212, 456 na 996 kwenye cha sita. Zaidi ya nusu ya jumla kuu inatoka kwenye safari za hatua sita, ambazo ndizo zenye umuhimu mdogo kuliko zote kwa msafiri. Katz na waliomfuata walichagua namba kati ya 0 na 1, wakaizidisha mara moja kwa kipeo cha kwanza, mara mbili kwa cha pili, na kadhalika. Namba inayoonekana mara nyingi katika mifano ya vitabuni ni 0.3. Hatua moja inapewa 0.3, mbili 0.09, tatu 0.027, na ya sita inabaki na 0.000729. Kwenye laha ya Jumla uzito unaandikwa kwenye seli moja, tuseme N1, na kila seli ya matriksi inabeba fomula ya aina hii: =$N$1*Kipeo1!B2+$N$1^2*Kipeo2!B2, ikiendelea hadi Kipeo6. Kuuweka uzito kwenye seli yake peke yake, mahali pa kuonekana, ni jambo la muhimu sana. Anayeutumbukiza ndani ya fomula amewanyima wasomaji wake haki ya kuujaribu.

Jumla ya kila safu mlalo ndiyo alama ya kituo. Kwa uzito wa 0.3 Ruvu na Tabora zinaongoza kwa alama 2.33 kila moja. Zinafuatwa na Mnyusi na Kaliua zenye 2.08, kisha Dodoma yenye 1.93. Dar es Salaam na Mwanza zina 0.97. Mkiani ziko Tanga, Moshi, Kigoma na Mpanda, zote 0.90.

Msomaji atashtuka, na ana haki. Dar es Salaam, bandari kuu ya nchi na mji wa mamilioni ya watu, iko sawa na Mwanza na chini ya nusu ya Kaliua! Matriksi haijui bandari, haijui idadi ya watu, haijui tani za mizigo. Inajua kwamba Dar es Salaam iko mwishoni mwa mstari wenye jirani mmoja tu. Hilo nalo ni kweli, na lina uzito wake katika maisha: treni ya reli ya zamani inayoondoka Dar es Salaam kwenda bara haina njia nyingine ila Ruvu.

Sasa swali la 1963. Kulijibu ni kufuta namba mbili tu: seli ya Ruvu na Mnyusi, na ya Mnyusi na Ruvu, zinarudishwa 0, na lahajedwali yote inajihesabu upya kwa kufumba na kufumbua. Seli 48 zinageuka sifuri na kubaki sifuri hata vipeo viende hadi mia, kwa kuwa hakuna hatua yoyote inayotoka upande wa Tanga kuja upande wa Dar es Salaam. Mnyusi, ambayo ilikuwa stesheni ya katikati tu, ina 0.95, na baada ya kipande kufunguliwa inafika 2.08, zaidi ya mara mbili. Ruvu inatoka 1.26 hadi 2.33. Tanga na Moshi zinatoka 0.58 hadi 0.90, na Dar es Salaam 0.67 hadi 0.97. Dodoma inapanda kwa sehemu ya tano hivi. Tabora, iliyokwisha kuwa njia panda tangu 1928, inaongeza asilimia nne hivi tu. Na Kigoma? Alama yake haibadiliki hata kwa asilimia moja.

Picha hiyo ni ya thamani kweli. Inaonyesha kwamba manufaa ya kipande kimoja cha reli hukaa karibu na kilipojengwa na kufifia kadiri mtu anavyokwenda mbali, na inaonyesha kasi ya kufifia huko. Wizara inayopanga tawi jipya, au baraza la mji linalodai stesheni, lingekuwa na hoja nzuri zaidi kama lingeleta jedwali la aina hii badala ya ahadi kwamba “taifa zima litafaidika”.

Hata hivyo namba zilezile zinaweza kubadilisha msimamo zikiguswa kidogo. Uzito wa 0.3 uliiweka Dodoma nyuma ya Mnyusi na Kaliua. Ukipandishwa hadi 0.5, Dodoma inapata 9.69 na Mnyusi 9.22, zimepishana. Mpaka wao uko juu kidogo ya 0.4. Sababu inaeleweka. Mnyusi na Kaliua zina majirani watatu kila moja, na uzito mdogo hupendelea majirani wengi. Dodoma ina majirani wawili tu, lakini majirani hao ni Ruvu na Tabora, njia panda mbili kubwa za mtandao. Uzito ukipanda, safari za mbali zinahesabiwa zaidi na kukaa katikati kunaanza kulipa. Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na kukaa katikati kulikuwa miongoni mwa sababu. Mtu anayetaka kuutetea uamuzi ule kwa matriksi anaweza kuchagua 0.5, na anayetaka kuupinga akachagua 0.2. Wote wawili watakuwa wamepiga hesabu bila kosa.

Kwa hiyo namba moja ya uzito haitoshi kamwe. Jedwali linalostahili kuaminiwa linaonyesha alama kwa 0.1, 0.2, 0.3 na 0.4 pamoja, na kueleza ni vituo gani vinabaki mahali pake na vipi vinahama. Ruvu na Tabora zinaongoza kwa uzito wote uliojaribiwa hapa. Hilo linaweza kusemwa bila wasiwasi. Nafasi ya Dodoma haiwezi.

Uzito una dari pia, na dari hiyo inatokana na mtandao wenyewe. Baadhi ya wataalamu hawapendi kukatiza kwenye kipeo cha sita; wanataka vipeo vyote bila kikomo, na ipo njia ya mkato ya kuvipata kwa fomula moja: =MINVERSE(MUNIT(11)-$N$1*Kipeo1!B2:L12)-MUNIT(11). Kwa uzito wa 0.3 inarudisha mpangilio uleule, Ruvu na Tabora zikiwa na 2.52, Mnyusi 2.24, Dodoma 2.11. Lakini jumla za vipeo vyetu zinakua kwa takriban mara 2.18 kila hatua. Uzito ukizidi 1 gawanya kwa namba hiyo, yaani 0.46 hivi, jumla haina mwisho. Fomula haitatoa onyo. Kwa 0.5 inaipa Tabora hasi 17 na Dodoma hasi 16, namba safi kabisa zisizo na maana yoyote. Anayezipanga kutoka kubwa hadi ndogo bila kutazama alama ya hasi ataona Tanga na Kigoma zinaongoza nchi.

Lawama kubwa zaidi dhidi ya njia hii inahusu kile hasa inachokihesabu. Seli ya Ruvu na Dodoma katika kipeo cha tatu ina 4, ingawa vituo hivyo ni majirani. Safari hizo nne za hatua tatu ni hizi: Ruvu kwenda Dar es Salaam, kurudi Ruvu, kisha Dodoma; Ruvu kwenda Mnyusi, kurudi, kisha Dodoma; Ruvu, Dodoma, Ruvu, Dodoma; na Ruvu, Dodoma, Tabora, kurudi Dodoma. Hakuna abiria anayekata tiketi ya namna hiyo. Na katika mtandao kama huu, usio na mzunguko hata mmoja, kati ya vituo viwili vyovyote kuna njia moja tu isiyorudi nyuma. Kila kinachozidi hapo ni kwenda na kurudi.

Je, hesabu itupwe? Hapana. Safari hizo za kurudi hazisafirishi mtu, ila zinapima wingi wa chaguo kwenye kila stesheni iliyo njiani, na wingi wa chaguo ndio ubora wa njia panda. Lakini anayeuliza swali la msafiri, kwamba kutoka hapa hadi pale ni hatua ngapi, atumie matriksi ya Shimbel. Ndani ya lahajedwali ileile kila seli inaandikwa namba ya kipeo ambacho iliacha kuwa sifuri kwa mara ya kwanza, na kituo chenyewe kinapewa 0. Mwenye jumla ndogo ndiye aliye karibu na wote. Kwa kipimo hiki Dodoma inashinda: hatua 22 kuvifikia vituo vingine vyote, dhidi ya 23 za Ruvu na Tabora, 28 za Mnyusi na Kaliua, 32 za Dar es Salaam na Mwanza, na 37 za vituo vya mwisho. Mtandao ni uleule, na washindi wamekuwa wengine kwa sababu swali ni lingine.

Ushindi huo wa Dodoma unadumu mpaka Morogoro iingizwe kwenye orodha. Ikiwekwa mahali pake, kati ya Ruvu na Dodoma, vituo vinakuwa 12 na Dodoma na Morogoro zinalingana kwa kila kipimo, hatua 28 kila moja. Reli haikuongezwa hata futi moja. Kilichoongezwa ni jina kwenye safu wima ya A. Wala Manyoni, linakotoka tawi la Singida, na Kilosa, linakotoka tawi la Kidatu, hazimo. Zikiingia zitasogeza alama tena. Kanuni inayofaa ni kuchagua vituo kwa sharti moja lililotangazwa mapema, kwa mfano kila njia panda na kila mwisho wa reli, na kutoongeza mji kwa sababu tu ni maarufu.

Halafu kuna vipande vyenyewe: nini kinastahili 1? Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20 bila huduma hiyo. Reli ilikuwepo ardhini muda wote huo. Anayechora mtandao wa chuma ataandika 1, na anayechora mtandao wa abiria ataandika 0, na kila mmoja atapata Tanzania tofauti. TAZARA inaleta swali gumu zaidi. Inatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860, lakini geji yake ni milimita 1,067 na ya Reli ya Kati ni 1,000. Kwa tofauti hiyo ya milimita 67 behewa la TAZARA haliwezi kupita Ruvu. Mzigo unaotaka kuvuka kutoka reli moja hadi nyingine unahamishwa, na Kidatu ndiko kulikojengwa kituo cha kazi hiyo. Kwa kontena Kidatu ni kiungo. Kwa behewa ni ukuta. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ina geji ya tatu, milimita 1,435. Wengine watapendekeza kuandika 2 mahali pa 1 pale reli mbili zinapokwenda sambamba. Hesabu inaruhusu, mradi ieleweke kwamba sasa matriksi inahesabu idadi ya reli zinazopatikana na si majirani tu.

Kosa lisiloruhusiwa ni kuweka kilomita mahali pa 1. Wanaofanya hivyo wanadhani wanaongeza uhalisia. MMULT itazidisha kilomita kwa kilomita, na kadiri kipande kilivyo kirefu ndivyo kituo kitakavyoonekana kimeunganika vizuri, kinyume kabisa cha ukweli. Mwenye kilomita au saa za safari azigeuze kwanza, 1 gawanya kwa umbali, ili kipande kirefu kiwe hafifu. Au aachane na MMULT na atafute njia fupi, ambako mahali pa kuzidisha panakuwa kujumlisha na mahali pa kujumlisha panakuwa kuchagua ndogo zaidi.

Matumizi yenye faida ya haraka kuliko yote pengine ni kupima udhaifu. Vipande 10 kwa vituo 11 ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuviunganisha vyote. Hakuna kipande kinachoweza kukatika bila nchi kugawanyika. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko ya Kilosa yaliharibu Reli ya Kati, na eneo hilo limesumbuliwa na maji mara nyingi. Kwenye lahajedwali yetu Kilosa imo ndani ya kipande cha Ruvu na Dodoma. Kikifutwa, seli 60 kati ya 121 zinakuwa sifuri. Ni kipande kibaya kuliko vyote kupoteza, pamoja na cha Dodoma na Tabora kinacholingana nacho. Cha Kaliua na Mpanda kikikatika, sifuri zinakuwa 21, pamoja na seli ya Mpanda na yenyewe. Kwa dakika chache mhandisi au mwandishi wa habari anaweza kufuta kipande kimoja baada ya kingine na kupata orodha ya vipande vya kulindwa kwanza.

Mipango ya reli mpya nayo inafaa kupimwa kwa njia hiyohiyo. Reli ya Uvinza hadi Musongati nchini Burundi na ile ya Isaka hadi Kigali zinaongeza safu chache tu kwenye jedwali: Uvinza iko kati ya Kaliua na Kigoma, Isaka iko kati ya Tabora na Mwanza. Msomaji mwenye kompyuta anaweza kuziingiza leo na kuona ni kituo gani kinapanda, na kama ipo kati ya hizo inayoupa mtandao mzunguko wa kwanza. Taasisi zinazochapisha ramani za reli na barabara zichapishe pia faili la matriksi yenyewe, likiwa na orodha ya vituo, sharti lililotumika kuvichagua, na seli ya uzito iliyoachwa wazi ili kila mtu aibadilishe.